Stoo ya Mipira

Lango la mbele lilifungwa nyuma ya gari la polisi kabla dereva hajazima injini, na waliolifunga hawakuwa walinzi wa uwanja. Walikuwa mashabiki. Mmoja wao alipitisha mnyororo kwenye vyuma, akatia kufuli, akawapigia Inspekta na Sajini saluti ya kejeli.

"Karibuni sana," alisema kupitia nondo. "Kuingia mmeingia. Kutoka mtatoka na yule muuaji, mtukabidhi sisi. Bila hivyo, mzoee tu."

Inspekta alishaanza kuvuka ua. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu asiye na treni ya kuwahi. Kituoni walimwita Kobe. Mwenyewe alijua na hakuwahi kukasirika.

"Hawa wa mbele ni wa Mwenyekiti," Sajini alimweleza wakivuka ua. Ilibidi apaze sauti, kwa sababu ngoma zilikuwa zinalia lango la mbele na nyingine zinajibu lango la nyuma. "Wale kule ni wa Kocha. Hawa wanasema Kocha amemnyonga Mwenyekiti, wanamtaka. Wale wanasema Kocha akiguswa unywele, jengo linawaka. Sisi ndio punje kwenye kinu."

"Gari la wagonjwa lilipitaje?"

"Walimpisha mgonjwa. Baada ya hapo wakafunga."

Klabu ilikuwa imepasuka tangu nusu fainali. Siku hiyo Mwenyekiti aliingia chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko, akapanga kikosi mwenyewe. Kocha akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Kuanzia hapo kila kitu kikawa viwili viwili: mazoezi mawili, manahodha wawili, taarifa mbili kwa waandishi mchana mmoja. Shirikisho lilipochoka likamtuma Msuluhishi, likasema pataneni leo, la sivyo klabu inashuka daraja. Na kilichokuwa kikiwachekesha watu, kabla hawajaanza kurushiana mawe, ni kwamba Kocha alikuwa amemwoa mdogo wake Mwenyekiti, na huyo mdogo ndiye aliyekuwa Katibu wa klabu. Umati wote ule ulikuwa unapigania ugomvi wa nyumba moja.

Karibu na mlango wa ofisi Inspekta alisimama. Chini ya dirisha dogo la nondo, kwenye zege, kulikuwa na vipande vya kioo. Aliinama akaokota kimoja, akakipangusa kwa kidole.

"Vya zamani hivyo, afande," Sajini alisema. "Hapa mipira inavunja vioo kila siku."

"Mpira ungevunja kutoka nje, kioo kingeangukia ndani. Na hiki hakina hata vumbi." Alikifunga kwenye leso. "Dirisha la chumba gani hili?"

"Stoo ya mipira. Ndiko walikomkuta."

Walipanda ngazi. Kwenye chumba cha mikutano walikuwamo watu wanne, na kila mmoja alikuwa amejitafutia pembe yake. Katibu alikaa karibu na dirisha, macho kwenye vikombe vya chai iliyopoa. Nahodha wa upande wa Kocha alikuwa na taulo shingoni. Msuluhishi, hakimu mstaafu mwenye mvi, alisimama nyuma ya kiti kana kwamba anangoja mahakama ikae. Kocha alikuwa mbali na wote, mikono ameificha kwapani. Juu ya kiti kimoja kitupu lilining'inia koti la mwanamume, mfuko mmoja umegeuzwa nje.

"Nitaongea na mmoja mmoja," Inspekta alisema. "Tutumie chumba cha jirani. Mzee, tuanze na wewe."

Msuluhishi alizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyeandika hukumu nyingi.

"Asubuhi ilikwenda vibaya. Nilikusanya simu zao zote kwenye kikapu, kwa sababu kila neno lililotamkwa mezani lilikuwa langoni kabla sijameza mate. Hata hivyo hawakusikilizana. Kabla hata hatujaketi, Nahodha alikuwa ameshamtolea Mwenyekiti maneno mabaya, akaondoka kwenda kukimbia uwanjani, kisha akaoge. Ilipofika saa ya chai, Katibu akasema jezi mpya zimeletwa, ziko stoo, wateremke wakazikague wote wawili, asije mmoja akasema zimechaguliwa bila yeye."

"Wazo lilikuwa lake?"

"Lake, na nilimsifu. Watu wakitoka mezani ndimi hulegea. Aliwapeleka, akarudi, tukakaa hapa tunakunywa chai. Ndipo ngoma zikaanza."

"Hukusikia kitu kutoka chini?"

"Binti yangu, ngoma zile zikilia, hata mawazo yako huyasikii."

"Walikaa sana?"

"Mno. Mimi nikafurahi, nikajua wanaongea. Mwishoni nikamwomba Katibu akawaite. Aliteremka. Mara akapanda mbio analia, akapekua koti la kaka yake, akatoa dawa ile ya pumu ya kuvuta, akashuka nayo. Nikamfuata. Nahodha alikuwa anatoka bafuni na taulo, povu kichwani. Tukamkuta Kocha amepiga magoti juu ya Mwenyekiti, viganja vyote viwili kifuani, shati limechanika mpaka kitovuni. Na Mwenyekiti..." Mzee alitafuta neno. "Amebadilika rangi."

"Kocha alisema nini?"

"Hakusema na mimi. Alimshika mkewe bega, akamnong'oneza kitu sikioni."

Nahodha alikuja bila kuketi.

"Asubuhi ulimwambia Mwenyekiti kwamba atatoka hapa kwa machela," Inspekta alisema.

"Nilisema."

"Na ametoka kwa machela."

"Afande, mabeki wa watu nawaambia hivyo kila wiki. Wote wazima." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamfia mdomoni. "Nilimchukia yule mzee. Alinivua unahodha kwa simu ya mkononi, tena kwa ujumbe wa maandishi. Lakini nilikuwa naoga. Muulize Msuluhishi alinionaje, taulo na povu tu, kama mtoto wa kliniki."

"Stoo uliona nini?"

"Kocha anamminya kifua. Minya, achia, minya, achia. Kama anajaza upepo tairi ya baiskeli."

"Mtu anayeua hufanya hivyo?"

Nahodha aliangalia chini. "Mimi sijawahi kuua, afande. Sijui wanavyofanya."

Kocha alikuwa mrefu, shingo imeungua kwa jua la miaka mingi pembeni mwa uwanja. Alianza kabla hajaulizwa.

"Andika tulipigana. Nikamkaba. Nitaweka sahihi."

"Nilikuita nikuulize, sikukuita unipe imla," Inspekta alisema. "Weka mikono mezani."

Alisita, kisha akaiweka. Ilikuwa imevimba na kuiva wekundu. Sajini alivuta pumzi, akamtazama mkubwa wake kwa jicho la 'kazi imekwisha'. Inspekta aliinamia mikono ile kwa muda mrefu. Vifundo vya vidole vilikuwa salama. Uvimbe wote ulikuwa pembeni, chini ya kidole kidogo, mkono wa kulia na wa kushoto, na kwenye ngozi iliyochubuka kulikuwa na chembe za rangi ya kijani.

"Ulimpiga wapi?"

"Usoni."

"Na alivaa nini kijani?"

Kocha aliondoa mikono mezani.

"Shemeji yako ana pumu. Ulijua?"

"Nani hajui?"

"Na dawa yake ilikuwa juu, kwenye koti."

"Ndiyo."

"Basi nisaidie kitu kimoja. Ulimchana shati apate hewa. Ulimminya kifua. Mtu anayetaka kuua hahangaiki hivyo. Na mtu anayetaka kuokoa, ngazi ni ile pale, dawa iko juu yake. Kwa nini hukupanda ukaichukua?"

Ngoma zilijaa chumbani. Jasho lilimtoka Kocha kwenye nywele likateremka mpaka kidevuni, naye hakulifuta.

"Nimesema nilimkaba," alisema. "Nitoe nje basi. Nipitishe lango la mbele, waishe hamu. Unachelewesha nini?"

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkuu wake wa kituo.

"Kobe, Sajini ameniandikia kwamba mtu unaye na amekiri. Mvishe pingu, mpitishe mbele ya watu, wamwone. Watatulia."

"Akipita mbele watamuua, Mkuu."

"Mpitishe nyuma."

"Wa mbele watasema tumemtorosha. Lango lile halitadumu."

"Sina askari wa kukuongezea sasa hivi, wote wako barabarani. Unangoja nini?"

"Nangoja kujua alichofanya."

"Kila mtu anajua alichofanya!"

"Mimi bado," Inspekta alisema, akazima simu.

Aliteremka na Sajini mpaka mwisho wa ukumbi. Mlango wa stoo ulikuwa wa bati nene, rangi ya kijani. Kwa nje kulikuwa na komeo, na kwenye pete ya komeo lilining'inia kufuli lililo wazi, bila funguo. Kwa ndani mlango haukuwa na kitasa, wala mpini, wala tundu.

Ndani kulikuwa na wavu wa magoli umekunjwa, mipira imefungwa kwenye nyavu zake kama vitunguu, na mifuko ya chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka. Unga mweupe ulikuwa sakafuni, kwenye rafu, kwenye mabunda ya jezi mpya ambayo hakuna aliyeyafungua. Mabenchi mawili yalikuwa yamepandanishwa chini ya dirisha. Upande wa ndani wa mlango, rangi ilikuwa imebanduka kwa urefu wa bega la mtu mrefu, na chini kulikuwa na alama nyeusi za soli ya kiatu, nyingi, moja juu ya nyingine. Bendera ya kona ilikuwa imelala pale, mti wake umepinda.

Sajini aliacha kuandika.

"Nifungie," Inspekta alimwambia.

"Afande?"

"Tia komeo, panda juu, kaa kwenye kiti cha Msuluhishi. Ukinisikia, teremka. Usiponisikia, teremka ukichoka."

Mlango uligonga, komeo likaingia, na mara ile chumba kikawa kidogo. Inspekta alisimama akasikiliza. Hatua za Sajini zilipotea papo hapo. Alipiga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Vifundo vilimuuma, akageuza mkono, akapiga kwa upande wa chini ya kidole kidogo, kama mtu anayetwanga. Aliita. Aliita kwa jina la cheo, kisha kwa jina la Sajini la nyumbani, kisha akaita tu, "Wee! Wee!" Alipanda kwenye mabenchi mpaka kwenye dirisha, akapitisha mdomo kwenye nondo na kupiga kelele uani. Aliwaona mashabiki langoni, mbali, migongo na mikono ikipanda na kushuka juu ya ngoma. Hakuna aliyegeuka. Kila alipovuta pumzi ya kuita tena, chokaa ilimwingia kooni, na alipokohoa ikaruka zaidi. Alikuwa mzima wa mapafu, na bado alishuka kwenye mabenchi haraka kuliko alivyopanda, akaenda kuegemea mlango akiwa ameziba pua kwa ukosi wa shati.

Sajini alipofungua, alimkuta amekaa juu ya mfuko, macho mekundu.

"Sikusikia kitu, afande. Nikadhani hujaanza."

Inspekta aliinua mkono wake wa kulia. Upande wa chini ya kidole kidogo ulikuwa umeiva, na juu yake kulikuwa na chembe za kijani.

Wote wawili waliutazama ule mkono.

"Walifungiwa," Sajini alisema polepole.

"Walifungiwa. Na simu zao ziko kwenye kikapu cha hakimu. Funguo za hapa anazo nani?"

"Mtunza uwanja, lakini leo hayupo, amefiwa. Na..." Sajini hakumaliza, kwa sababu simu yake ilikuwa inatetemeka. Alisikiliza, akasema "ndiyo daktari" mara kadhaa, akaiteremsha. "Mwenyekiti amefariki. Hakuzinduka. Daktari anasema shingo yake ni safi, haina hata mkwaruzo. Kifua kilibana, hewa haikupita."

Inspekta alichomoa kufuli kwenye pete, akalitia mfukoni.

Juu, aliwaita wote kwenye meza moja. Aliwaambia habari ya hospitali kwa sentensi moja, bila kuizungushia maua, kwa maana hakujua njia nyingine. Msuluhishi alifumba macho. Nahodha alikaa sakafuni. Kocha alipiga paji la uso kwa mikono yake ile iliyovimba, akabaki nayo hapo. Katibu hakulia. Alisema tu, "Nilidhani atazinduka aseme mwenyewe," sauti ndogo, kama anajibu swali ambalo wengine hawakulisikia.

Inspekta aliweka kufuli mezani mbele yake.

"Mama," alisema, "naomba funguo ya hili."

"Usimjibu!" Kocha alisimama, kiti kikaanguka. "Afande, mimi nimekiri! Mbele ya askari wako nimekiri! Unataka nini tena kwa mwanamke aliyefiwa?"

"Nataka kujua ulimnong'oneza nini."

"Alisema, 'Ulikuta mlango wazi,'" Katibu alijibu. "Alisema, 'Umesikia? Ulikuta wazi.'" Aliingiza mkono kifuani, akatoa shada la funguo kwenye kamba, akachagua moja bila kutazama, akaitia kwenye kufuli. Iliingia. "Kaa chini, baba watoto. Umechoka."

Kocha alikaa sakafuni, pale pale kiti kilipoangukia.

"Ni mimi niliyewafungia," Katibu aliendelea. "Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka tukigombana, mama alikuwa anatutia chumbani, anafunga, anasema mtatoka mkiwa ndugu. Tulikuwa tunapiga mlango, tunalia, tunachoka, halafu tunaanza kucheza. Kila mara ilifanya kazi. Mwaka huu nimelala na mmoja anamtukana mwingine, nikaamka nikaenda kazini kwa mwingine anamtukana huyu. Kila mmoja ananiuliza, uko upande gani? Nyumbani kwangu kuna upande gani? Nikaona Msuluhishi naye ameshindwa. Nikasema ngoja nifanye kama mama."

"Jezi zilikuwa kisingizio."

"Walipoingia tu nikatia komeo, nikasema mlangoni, 'Mtatoka mkiwa ndugu.' Kaka akasema, 'Acha utoto.' Nikaondoka. Sikukumbuka koti. Alikuwa amelivua kwa joto, sikukumbuka kabisa. Halafu ngoma. Kila nikitaka kushuka najiambia, bado kidogo, wasije wakanikuta nimewahi. Mzee huyu ananiambia wanaongea, nami nafurahi." Alimgeukia Msuluhishi. "Ulinisifu, mzee."

"Nilikusifu," Msuluhishi alisema.

"Nilipofungua nikamwona, nilitaka kusema. Mume wangu akaniziba mdomo. Nikasema moyoni, kaka akizinduka, wote tumepona. Nikangoja. Huku nawasikia pale nje wanavyomtaka mume wangu. Nikisema, najitoa mwenyewe kama muuaji wa ndugu yangu. Nikinyamaza, namtoa mume wangu. Nimekaa hapa dirishani sina pa kwenda, afande. Umechelewa sana kuja na hilo kufuli."

Kishindo kilisikika nje. Sajini alikimbilia dirishani. Wa lango la mbele walikuwa wamepata mti mrefu, wanaugonga kwenye vyuma kwa pamoja, na habari ya kifo ilikuwa imewafikia, kwa sababu ngoma zilikuwa zimenyamaza na sasa walikuwa wanaimba jina la cheo cha Kocha, wakilikata vipande. Nyuma, wale wengine walikuwa wanapanda ukuta.

"Afande, tuwafungie hawa wote chumba kimoja na—"

"Hakuna mtu atakayefungiwa tena leo," Inspekta alisema.

Alimtazama Katibu. "Mashine ya kutangazia ya uwanja inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Mimi nikitangaza, hawataniamini. Wa mbele watasema nimehongwa, wa nyuma watasema ni mtego. Sikulazimishi. Chochote utakachosema kitafika mahakamani, na sitakuahidi kitu huko. Lakini nje pale kila upande una adui mmoja kichwani, na wewe ndiye pekee unayejua kwamba hakuna."

Kocha alimshika mkewe kifundo cha mguu kutoka pale sakafuni. "Usiende. Watakula wewe."

"Wataanza na nani?" Katibu alimuuliza. "Wa kaka watamla dada yake? Wako watamla mke wako?"

Akatoa mguu taratibu, akainuka.

Chumba cha kutangazia kilikuwa kama kabati, upana wa viti viwili na dirisha moja. Katibu aliwasha swichi kwa mazoea ya miaka, akagonga kipaza sauti kwa ukucha. Mlio ulipita uwanja mzima, na mti uliokuwa unagonga lango ukasita.

"Mimi ni Katibu wenu," alisema. "Nyote mnanijua. Kaka yangu amefariki. Hakunyongwa. Alifungiwa stoo pamoja na mume wangu, akabanwa na pumu, na mume wangu akapiga mlango mpaka mikono ikavimba. Wala mimi sikusikia, wala ninyi hamkusikia, kwa sababu ya ngoma. Aliyefunga ule mlango ni mimi. Nilitaka wapatane." Pumzi yake ilisikika kwenye spika zote, jukwaa hadi jukwaa. "Sikuwa upande wa mtu. Niliwapenda wote wawili. Sasa kama kuna anayetaka damu, polisi wako hapa na mimi nipo hapa, na tunatoka kwa lango la mbele. Tupisheni."

Akazima swichi. Inspekta alisubiri dirishani. Kwa kitambo kirefu watu wa pande zote mbili walisimama walipokuwa, kama timu zilizosikia filimbi na hazijui imepigwa kwa ajili ya nani. Kisha mzee mmoja upande wa mbele akalaza ngoma yake chini, ubavu, akaketi juu ya ukingo wa mtaro na kujifunika uso. Walioushika ule mti wakauteremsha. Huko ukutani, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wamepanda wakaanza kushuka. Mtu akaita, "Fungueni, jamani," na yule aliyekuwa na funguo za mnyororo akapekua mifuko yake yote kabla ya kuziona.

Walishuka ngazi, Sajini mbele, Katibu katikati, Inspekta nyuma. Pingu zilibaki mkandani kwa Sajini. Kocha aliwafuata mpaka mlango wa ua, akiishika ile mikono yake kama vitu vya kuazima.

"Nakwenda naye," alisema.

"Huendi," Katibu alimjibu. Alisimama, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta afike, sauti yake ilitikisika. "Niambie kimoja tu. Mlizungumza?"

Kocha alitazama pembeni.

"Mwanzoni tulitukanana," alisema. "Kisha yeye akakaa juu ya mfuko wa chokaa, mimi juu ya mipira. Akaniambia, 'Shemeji, unajua huyu ametufanyia nini? Huyu ni mama yangu amefufuka.' Akanieleza ile habari ya chumba. Akaniiga sura niliyoifanya mlango ulipofungwa. Nikacheka. Akacheka na yeye, akacheka mpaka akajipiga mapajani, na mfuko ukapasuka, vumbi likatimka. Kicheko kikageuka kikohozi." Alimgeukia mkewe. "Tulikuwa tumeshapatana. Tulikuwa tunagonga mlango ili tukwambie."

Katibu alikunja kiganja mdomoni. Mabega yake yalipanda na kushuka mara moja, kama mtu aliyebeba gunia akalihamisha bega. Alipoondoa mkono, alimfunga mumewe kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

"Basi nenda hospitali," alimwambia. "Kaka yuko peke yake kule. Nenda ukae naye, mpaka ndugu wafike."

Kocha aliitikia kwa kichwa. Watu waliokuwa langoni waligawanyika wakamwachia njia, na mmoja wa wale waliokuwa wameushika mti, mwenye jezi ya zamani ya upande wa Mwenyekiti, akamfungulia mlango wa gari lake bila kusema neno, akamwendesha.